Ukali wa Mirtale

Enzi zile Simako akifundisha subira mjini Athene, hakuna aliyeweza kukaa siku tatu mjini asisikie habari za mkewe. Walimjua wauza dagaa, walimjua mabaharia wa bandarini, walimjua hata watu wa Megara, ambao hawajui lolote duniani isipokuwa vitunguu saumu. Mirtale, mwanamke mkali kupita wote waliopata kuzaliwa. Alimmwagia mumewe maji machafu mbele ya wageni. Alimcharaza kwa pweza mzima. Siku moja, walisema, alimng'ata joho sokoni, na hakuliachia mpaka walipokuja askari wawili kumbembeleza.

Sasa mtazame mwenyewe. Mirtale alikuwa mwanamke mfupi, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba bata bukini wake mwenyewe alikuwa haji mpaka aitwe mara tatu. Akikasirika, alifuma. Akikasirika sana, alifuma haraka. Katika miaka ishirini na mmoja ya ndoa, neno zito kuliko yote alilopata kumwambia mumewe lilikuwa "Haya," na hilo nalo alilisema akiwa amegeukia ukutani.

Mambo yalianza hivi. Simako alikuwa akifundisha kwenye ukumbi wa nguzo kando ya soko, na alichofundisha ni kwamba mtu mwenye hekima huvumilia yote na uso wake usibadilike. Asubuhi moja mwanafunzi mmoja aliyeitwa Leptine, mtoto wa tajiri wa ngozi, kijana mwenye shingo ndefu na maswali marefu zaidi, alisimama akauliza: "Mwalimu, wewe subira umejifunzia wapi? Umevumilia nini hasa?"

Swali lilikuwa la haki, na jibu la haki lilikuwa kwamba hajavumilia kitu. Dengu zake zilikuja zikiwa moto. Joho lake lilifumwa, likafuliwa, likawekwa viraka kabla hajajua kwamba limetoboka. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Huyu bwana mbivu alikuwa akizila kila siku, uvumilivu ndio hakuwahi kuuonja. Lakini angesema hivyo, shule ingekufa siku ile ile. Basi akatazama juu, akashusha pumzi, akasema, "Mwanangu, wewe humjui mke wangu."

Vijana wakacheka. Kisha wakanyamaza kwa heshima. Kisha wakatoa vibao vyao vya nta wakaandika.

Watu wa Athene wana ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo hauna dawa. Jambo likishafuatana vizuri kwa hoja, hawaendi tena kulitazama kwa macho. Simako ni mvumilivu, hilo liko wazi, maana amesema mwenyewe. Mvumilivu lazima awe na kitu anachokivumilia. Nyumbani kwake kuna mke, kuna binti, kuna bata bukini. Binti hana makuu na bata bukini anataga vizuri. Kwa hiyo ni mke. Tangu siku hiyo kila wiki vijana walidai kisa kipya, na Simako, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu aliyependa kusikilizwa, aliwapa.

Mirtale alipata habari kwenye chemchemi ya midomo tisa. Alifika na mtungi wake, akakuta wanawake thelathini wamepanga foleni, na wote thelathini wakasogea pembeni. Akadhani kuna nyoka nyuma yake. Siku ya pili wakasogea tena, na mmoja akamjazia mtungi. Siku ya tatu aliambiwa sababu na mama mmoja kiziwi ambaye hakujua kwamba anazungumza kwa sauti. Tuseme kweli, mwanzoni Mirtale hakuumia sana. Ukiwa na sufu ya kusokota, shayiri ya kusaga na mume wa kukuuliza maswali, kuchota maji bila foleni si jambo la kudharau.

Aliumia pale binti yake alipofikia umri wa kuolewa. Ampeli alikuwa na miaka kumi na tisa na wenziwe wa rika walikuwa na watoto wawili wawili. Mchumba wa kwanza alifika hadi mlangoni, akamsikia bata bukini akipiga kelele, akadhani ndiye mama mkwe, akatoweka. Wa pili alituma mjumbe kusema kwamba amesafiri, na mjumbe alikuwa yeye mwenyewe, amejifunika kichwa. Wa tatu alijiunga na jeshi, na wakati huo hapakuwa na vita.

Wa nne alikuwa Nausoni, mchora vyungu wa mtaa wa wafinyanzi. Huyu alimwona Ampeli kwenye maandamano ya sikukuu amebeba kikapu, na tangu hapo kila mungu wa kike aliyemchora chunguni alitoka na pua ya Ampeli. Nausoni hakumwogopa mtu. Ila alikuwa na mama, mjane aitwaye Peristera, na ingawa kwa sheria msemaji wa nyumba alikuwa shemeji yake Peristera, shemeji huyo hakuwahi kufungua mdomo kabla Peristera hajatikisa kichwa. Peristera akaleta ujumbe mfupi: mtoto wa nyoka ni nyoka. Jibu la mwisho watalitoa siku mbili baada ya sikukuu ya wanawake, na wasishangae likiwa ni hilo hilo, maana kuna msichana huko Eleusi ambaye mama yake ni bubu.

Ampeli hakulia. Aliendelea kuchambua dengu. Lakini Mirtale alipotazama aliona binti anatupa dengu na kuweka mawe sufuriani, na moyo ukamuuma hata akalazimika kukaa chini.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, alimwekea mumewe chakula bila kuondoka.

"Baba Ampeli," alisema, "kesho nenda ukumbini ukaseme ukweli."

"Ukweli upi?" Simako aliuliza, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyouliza kila kitu, hata chumvi.

"Kwamba sijawahi kukumwagia maji."

"Ulinimwagia."

"Ulipita nikiwa nadeki! Nikakuomba radhi, nikakufulia nguo."

"Hiyo sehemu ya radhi haikuwa na mafunzo ndani yake."

"Na pweza je?"

"Pweza alinigonga."

"Uliteleza ukamkalia, mume wangu."

Simako alitafuna zeituni akifikiri, kisha akainua kidole. "Tazama hapa. Nikisema nilidanganya, basi mimi ni mwongo. Mwongo haaminiki. Kwa hiyo nikisema nilidanganya, hawataniamini. Na wasipoamini kwamba nilidanganya, wataamini kwamba sikudanganya. Unaiona shida?"

"Naiona," alisema Mirtale, na kweli alikuwa akiiona, imekaa mbele yake inatema kokwa.

"Lakini Ampeli ni mtoto wako," aliongeza.

Hapo Simako akashusha kidole. Tumpe haki yake: alimpenda binti yake, ingawa siku nyingine alimsahau jina. Kesho yake asubuhi alikwenda. Mirtale alijifunika shela mpaka puani akamfuata, akajibanza nyuma ya nguzo ya mwisho ili asikie kwa masikio yake.

"Wanafunzi wangu," Simako alisema, "mke wangu ni mpole. Hajawahi kuniinulia sauti wala mkono. Yote niliyowaambia niliyatunga."

Halafu Leptine akaanza kulia.

"Mmemsikia?" alisema, machozi yakimtiririka kwenye ile shingo. "Jamani, mmemsikia huyu mtu? Kapigwa, kamwagiwa maji, kang'atwa, na bado anamsitiri!"

"Hapana," alisema Simako.

"Anakana! Mwacheni, anakana!"

"Nasema kweli tupu."

"Mwalimu," alisema mwingine kwa sauti ya huruma, "nani aliyekutuma utuambie haya?"

Na Simako, ambaye siku hiyo alikuwa ameamua kusema kweli, akasema kweli. "Mke wangu," alisema.

Ukumbi ukalipuka. Walimbeba mabegani. Walisema subira ya namna hii haijaonekana tangu miungu ianze kututesa. Na katika kelele hizo mmoja akageuka akamwona mwanamke mfupi nyuma ya nguzo, akapiga ukelele, "Yule pale!" Vijana arobaini wa koo bora za Athene wakakimbia kila mtu na njia yake. Wakaangusha meza ya muuza samaki, wakamkanyaga muuza mayai, na Simako mwenyewe, akiwa bado mabegani, akapelekwa mpaka mtaa wa pili. Mirtale alibaki peke yake ukumbini. Aliokota vibao vya nta vilivyodondoka akavipanga vizuri kwenye ngazi, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa. Jioni mji mzima ulijua kwamba mke wa Simako alikuja shuleni na mchi.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini Mirtale alikuwa mama, na mama hashindani, anaendelea tu. Alioka keki za ufuta na asali, akaenda kwa Peristera.

Peristera alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono laini, aliyejulikana mtaani kwa kulea watoto wa watu na kulia kwenye misiba isiyomhusu. Alimpokea uani, akasimama upande wa pili wa kisima.

"Karibu, mama. Sema ulichokuja nacho."

"Nimekuja kukuomba unitazame tu," alisema Mirtale.

"Sema kwa sauti, sikusikii."

"Ndiyo sauti yangu hii."

Peristera akarudi nyuma hatua moja. "Mwanangu amenisomea vibao vya wale vijana. Imeandikwa, anaponong'ona ndipo mbaya zaidi."

"Nimekuletea keki."

Peristera alichukua keki moja kwa ncha za vidole akamtupia kuku. Wote wawili wakasimama kumtazama kuku. Kuku alikula, akajikung'uta, akataka nyingine.

"Sumu ya polepole," alisema Peristera kwa huzuni. Halafu, kwa kuwa hakuwa na roho mbaya, aliongeza, "Nisamehe, mama. Nina mtoto mmoja tu. Ungekuwa wewe, umesikia niliyoyasikia, ungefanyaje?"

Mirtale alijaribu kutafuta jibu. Jibu lilikuwa kwamba angefanya vile vile. Akaaga akaondoka, na keki akaziacha kwa kuku.

Nyumbani alimkuta Bibi Nano amekaa kizingitini. Bibi Nano alikuwa mzee wa ibada za wanawake mtaani, hana jino hata moja na hana aibu hata moja, na alikuja na habari njema. Wanawake wote walioolewa wa mtaa wamekaa, wamepiga kura, na bila sauti ya kupinga wamemchagua Mirtale aongoze matusi.

Kila vuli, kabla ya kupanda mbegu, wanawake hupanda mlimani peke yao wakatukanana kwa ajili ya Demeta, mungu wa kike wa nafaka. Binti yake Demeta aliibwa akapelekwa chini ya ardhi, na mama akaacha kila kitu kikauke, hakula wala hakunywa, mpaka kikongwe mmoja alipomtolea maneno machafu, ndipo mama akacheka. Ndiyo maana shayiri haioti bila matusi. Na mwanamume haruhusiwi kujua hata neno moja. Mume akiuliza, mtoto akiuliza, hakimu akiuliza, jibu ni "Tuliomba mvua." Atakayesema zaidi, Demeta atalikausha tumbo lake na la binti zake.

"Bibi," alisema Mirtale, "mimi sijui kutukana."

Bibi Nano alicheka hata akashika mbavu. "Na mzaha anaujua! Sikia, mwanangu. Mwaka jana kiongozi alikuwa na mafua, na shayiri imetoka fupi, umeiona mwenyewe. Mwaka huu tunaye simba jike. Tutakula mpaka tuchoke."

Mirtale alitaka kukataa. Lakini usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi alikuwa na wazo. Peristera atakuwepo mlimani. Wanawake wote watakuwepo. Atasimama katikati, watamngoja atukane, naye hatatukana, kwa kuwa hawezi. Wataona kwa macho yao wenyewe. Sifa yake itaanguka chini ivunjike kama chungu, mbele ya mashahidi mia mbili, na Ampeli ataolewa. Shayiri itajijua yenyewe.

Siku ilipofika walipanda mlima kabla jua halijawa kali, wamefunga, hakuna aliyevaa shada. Walikaa chini kwa pande mbili, wakipiga kelele za kujipasha moto. Bibi Nano alitia mkono kwenye mfuko wa maharage ya kura kutafuta mpinzani wa kiongozi, na harage jeusi likamwangukia Peristera. Masikini alipauka, akasimama. Kwa desturi mpinzani ndiye anayeanza.

"Wewe Mirtale," alisema Peristera, kwa ajili ya shayiri, "una... una visigino vimepasuka."

"Ongeza!" wakapiga kelele upande wake.

"Na una shingo ya kobe! Na ukikuna kichwa chawa wanaomba njia!"

Wakacheka kidogo. Wote wakamgeukia Mirtale. Mirtale aliweka mikono mbele, akatabasamu kwa upole.

"Mjibu, mwanangu," alisema Bibi Nano. "Shayiri inasikiliza."

"Vazi lako limefumwa vizuri, dada," alisema Mirtale.

Hakuna aliyecheka. Mirtale akaona moyo wake unaruka, mambo yanakwenda sawa. Lakini nyuma mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenziwe, "Mungu wangu, ndiyo kwanza anapima umbali," na wanawake wa mstari wa mbele wakaanza kusogea nyuma kwa makalio.

"Mchokoze!" Bibi Nano akamwambia Peristera. "Mpe kubwa!"

Peristera alikuwa ameishiwa. Alitafuta tusi, hakulipata, na kwa hofu akasema lililokuwa moyoni. "Mimi namwonea huruma mumeo tu. Masikini Simako! Mume wa dhahabu. Ningempata mimi mume kama yule, kila jioni ningemwosha miguu."

Na wanawake mia mbili, pande zote mbili, wakashusha pumzi pamoja. "Masikini Simako."

Kitu kilisogea chini ya mbavu za Mirtale. Alihisi kinapanda. Alijaribu kukimeza, kama alivyokimeza miaka ishirini na mmoja, na safari hii koo lilikataa.

"Miguu?" alisema.

Ilikuwa sauti ambayo hakuna aliyeijua, na yeye mwenyewe aligeuka kuona nani kasema.

"Miguu ya Simako? Njoo uichukue, nakuletea leo hii na utando wake! Ile miguu imezunguka mji mzima kuuliza wema ni nini, haijaenda chemchemini hata siku moja kuuliza maji ni nini! Mume wa dhahabu! Dhahabu gani inayokoroma? Anahubiri watu wavumilie njaa, na dengu zikichelewa analia kuliko mtoto anayeota meno! Paa lilipovuja akaniambia matone yanatufundisha. Nikapanda mimi, mimba ya miezi saba, kigae kwapani, yeye chini ananiita, 'Tazama, Mirtale, jinsi kigae kinavyokubali mahali pake!' Nikamwambia haya! Nilipaswa kukikubalisha mahali pake kichwani kwake!"

Bibi Nano alikuwa ameshalala chini anapiga ardhi kwa ngumi. Wanawake walikuwa wakilia kwa kicheko, wameshikana mabega, kila mmoja anapiga kelele, "Wa kwangu! Wa kwangu huyo!"

"Na wewe Peristera, gunia la ngano lililofungwa vibaya! Unampa kuku keki yangu aionje! Kuku ana akili kukushinda, alikula akataka nyingine! Na ninyi nyote, kundi la mabata! Mnanipisha foleni, mnanijazia mtungi, mmemeza maneno ya mwanamume bila kutafuna! Nani kati yenu amewahi kunisikia nikipiga kelele? Nyumba zetu zimegusana kuta, mnasikia hata tukikohoa. Nani kanisikia? Ainue mkono!"

Kicheko kikaanza kupungua. Walitazamana. Majirani wa kulia walitazamana na majirani wa kushoto, na hakuna mkono ulioinuka.

"Ameuliza Athene nzima kama wanajua wasilolijua," alisema Mirtale, na sauti sasa ilikuwa imechubuka. "Hajawahi kuniuliza mimi kama nimekula." Akainua uso. "Demeta, wewe mwanao alichukuliwa, ukakausha dunia nzima. Wangu hachukuliwi na mtu, anazeeka jikoni kwa ajili ya kisa cha pweza, na mimi ninaambiwa anayevumilia ni mume wangu."

Akakaa chini. Kisha Bibi Nano akajifuta macho kwa pindo la nguo, akasema kwamba tangu azaliwe hajapata kuona matusi ya namna hii, na mwaka huu shayiri itafika mabegani.

Njia nzima ya kushuka wanawake walikuwa wakimtazama pembeni pembeni. Asubuhi yake Mirtale alikwenda chemchemini, na hakuna aliyempisha. Alipanga foleni nyuma ya watu thelathini, mmoja akamkanyaga, mwingine akaazima kata yake na hakuirudisha. Alirudi nyumbani amechelewa, bega limelowa, na furaha aliyokuwa nayo hata bata bukini aliiona. Simako alimuuliza kwa nini sauti imekauka. "Tuliomba mvua," alisema. Simako akatikisa kichwa kwa subira, akaenda zake ukumbini kuwaeleza vijana kwamba sasa mke wake amefikia hatua ya kuigombeza mbingu.

Siku ya jibu Peristera alikuja mwenyewe. Aliingia uani bila kubisha, akamkumbatia Mirtale mpaka miguu ikaachana na ardhi.

"Namtaka Ampeli," alisema. "Mtu aliyeyafunga maneno yale tumboni miaka ishirini na mmoja na lisidondoke hata moja ndani ya nyumba, mimi mtoto wake namtaka hata kama hana pua."

Mirtale alilia. Upande wa pili wa ua Ampeli alikuwa akianika sufu, anajifanya hasikii, na sufu ile ile alikuwa ameianika mara ya tatu.

"Ila kuna jambo," alisema Peristera, akakaa kwenye jiwe la kusagia. "Shemeji. Idhini lazima aitamke yeye, na ananiuliza kwa nini nimegeuka. Wiki iliyopita nasema mtoto wa nyoka, leo namtaka nyoka. Niliyoyasikia mlimani siwezi kumwambia, Demeta atatukausha wote, na huyu mtoto juu."

"Mwambie mimi ni mpole."

"Nimemwambia. Anasema nimerogwa. Kesho anakwenda Eleusi kwa yule bubu."

"Sasa?"

Peristera alitazama mikono yake. "Kuna sababu moja tu ambayo atainunua bila kuuliza. Nimwambie nimeogopa. Kwamba ulinijia, ukanikamata nywele, ukaapa utahamia kwangu na bata wako mpaka nikubali. Hapo atakubali mbio, maana na yeye anaishi nyumba hiyo hiyo." Akameza mate. "Lakini ujue, mama. Shemeji anakunywa na baba yake Leptine. Jioni litakuwa kwenye vibao. Sisi wanawake tunajua, na sisi hatuwezi kusema. Tutakufa, na vibao vitabaki. Watu ambao hatutawajua watakusoma hivyo. Jina lako litaoza kabisa."

Mirtale alikaa. Alilifikiria jina lake. Siku mbili nzima alikuwa amelivaa likiwa safi, na lilikuwa limemkaa vizuri. Alifikiri labda mwakani, labda mwaka mwingine, ukweli ungeweza kuvuja wenyewe mpaka kwa wanaume. Kisha akamtazama Ampeli, ambaye mikono yake ilikuwa imesimama juu ya kamba, mgongo umekakamaa, mwili mzima umekuwa sikio.

"Umesema nilikukamata kwa mkono mmoja au miwili?" aliuliza.

"Mmoja ungetosha."

"Sema miwili."

Peristera akainuka, akamshika shavu. Kisha akafungua kitambaa cha kichwani, akachomoa vibanio, akainama mbele yake. "Haya. Lazima nifike nyumbani nionekane nimevutwa."

Mirtale alizishika nywele kwa vidole vyote kumi, akazivuta kidogo.

"Hivyo unanisuka! Vuta!"

Akavuta. "Nimekuumiza, dada?"

"Vuta, mkwe wangu! Na piga kelele, barabarani kuna watu!"

Mirtale akavuta kwa nguvu zake zote, na akapiga kelele, machozi yakimtoka, na nje miguu ya wapita njia ikasimama, kisha ikaanza kukimbia. Ampeli akaiacha sufu pale pale chini, akaingia ndani kufunga nguo zake.